Propela ya Baba Mkwe

Injini ile ilikuwa kongwe, lakini haikuwa imechoka. Nahodha aliamini hivyo, ingawa kila aliyepanda boti yake alimpa pole kama mfiwa.

"Siku hizi inaguna kuliko babu yangu," abiria mmoja alimwambia, "na babu anagunia kitandani."

Tatizo lilikuwa mkondo wa mto. Boti ikijaa watu, injini ilinguruma kwa sauti nzito, moshi ukatoka, na ng'ambo ikabaki pale pale. Msimamizi wa kivuko alimwambia bila kuficha: kesho asubuhi apande mkondo boti ikiwa imejaa, la sivyo zamu yake atapewa mwingine. Na yeye kazi aliyoipenda ilikuwa hiyo.

Mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa fundi, alikuwa na dawa tayari.

"Tukwangue kichwa cha silinda, shemeji. Ibane zaidi, nguvu ipande."

"Na ikipasuka?"

"Basi tutajua ilikuwa ya kupasuka."

"Niachie leo, shemeji. Haraka haraka haina baraka."

Akaanza na vidogo, kimoja kimoja, asije akagusa viwili akashindwa kujua kipi kimeleta nafuu. Akabadilisha plagi, akajaribu, wapi. Akasafisha kabureta, vilevile. Mrija wa mafuta haukuwa na ufa. Lakini kuna jambo lilimkwama kichwani: boti ikiwa tupu ilikimbia kuliko zamani, ikipakia inazidiwa. Injini mbovu ingekuwa mbovu kote kote.

Akaketi ukingoni, akaitazama propela. Iling'aa kama sufuria mpya. Alipewa zawadi hivi karibuni na baba mkwe wake, aliyeichagua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mapanga makubwa kuliko zote dukani. Hapakuwa na abiria ambaye mzee hakumwambia ni nani aliyeinunua. Ile ya zamani, ndogo, iliyolika kingo, ilikuwa jikoni ikizuia mlango usijifunge.

Hapo ndipo alipojua ni nini cha kubadilisha. Kufungua injini ni kazi. Kumfungulia baba mkwe jambo kama hili ni kazi zaidi.

Asubuhi alitoka na propela ya zamani mkononi. Mlango wa jikoni ukajibamiza nyuma yake, na baba mkwe akatokea na kikombe, nusu ya chai ikiwa kwenye shati.

"Mwanangu, kilichokuwa kinashika mlango kiko wapi?"

"Ninacho, baba."

"Unakipeleka wapi?"

Angeweza kudanganya. "Baba, ile uliyonipa ina hatua ndefu, kila mzunguko inasukuma maji mengi. Tukiwa watupu, sawa, tunakwenda. Tukijaa, injini inazidiwa kabla ya kushika nguvu zake. Hii hatua zake ni fupi, kama mtu anayepanda mlima na gunia."

Mzee akapuliza chai iliyobaki. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekunyima nguvu."

"Ulinipa mwendo, baba. Ila mimi nabeba watu."

Mzee akavaa kandambili, akamfuata.

Propela ya zamani ikafungwa, boti ikajaa. Msimamizi alisimama gatini, mikono nyuma. Shemeji alikaa mbele amepakata mfuko wa spana, kama aliyekuja na sanda kwa mgonjwa. Nahodha akaongeza mafuta. Sauti ya injini ikapanda, ikawa nyembamba, ikaendelea kupanda. Omo, pua ya boti, ikainuka, boti ikaushika mkondo, na jiwe kubwa lililokuwa katikati ya mto likaanza kurudi nyuma, taratibu, bila ubishi. Walipoingia kwenye maji tulivu ndipo nahodha alipogundua kwamba mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Akayashusha.

Kule gatini msimamizi aliinua mkono, akaiendea boti nyingine.

"Ningeikwangua bure," shemeji alisema.

"Ungeikwangua ikapasuka," baba mkwe akamjibu. Kisha akamgeukia abiria wa jirani. "Unaisikia propela hiyo? Ilikuwa inashika mlango wa jikoni kwetu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba haipo."

Nahodha akatazama maji ili asicheke mbele ya mkwewe.

Jioni alipofika nyumbani, mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Propela ya zawadi ilikuwa imeuzuia kwa chini, imefutwa tope, inang'aa.