Kiboko wa Arobaini

Phanice alikuwa amepiga msasa kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna jiwe hata moja aliloanza mwenyewe. Pale Tabaka, kijiji cha wachongaji wa mawe laini, kazi iligawanywa zamani: wanaume huchonga, wanawake husugua. Shemeji yake Mogaka, mwenye banda, hukaa juu ya gogo na kisu chake, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope, akimtoa tembo au kiboko ndani ya jiwe. Kisha humpa Phanice, aliyeketi chini mbele ya beseni la maji, naye humsugua mpaka awe laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Hakuwa na malalamiko. Malalamiko yaliletwa na mke wa mchungaji.

Sabato moja, baada ya ibada, mama huyo aliwakusanya akina mama akamtaka kila mmoja ataje kipawa alichopewa na Mungu. Nyanchoka akasema yeye huimba. Ruth akasema maombi yake yamewahi kumponya ng'ombe, na mwenye ng'ombe akaitikia amina. Zamu ya Phanice ilipofika akasema, "Mimi napiga msasa."

"Kazi ya nani?" mke wa mchungaji akauliza kwa upole.

"Ya Mogaka."

Akina mama wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kisicho na ubaya nacho kina meno.

Wiki nzima Phanice alisugua huku akimsumbua Mungu. Hayakuwa maombi ya kupiga magoti. Yalikuwa ya mtu aliye kazini, mikono imelowa. "Bwana, Nyanchoka umempa sauti. Ruth umempa ng'ombe. Mimi uliniumba niwe nani?" Anasugua, anasuuza. "Nijibu basi. Sina haraka, lakini pia sina siku nyingi."

Wiki hiyo kazi ilikuwa viboko arobaini wa Abdirahman, mwenye duka Kisii mjini, ambaye angewafuata Jumapili asubuhi. Ijumaa alasiri thelathini na tisa walikuwa tayari. Jua lilikuwa limeinama, na likizama Sabato inaingia, na katika boma lile hakuna anayegusa kazi tena. Phanice akamchukua wa arobaini, akamchovya majini.

Jiwe kavu halisemi kitu. Ni jeupe kama unga. Likilowa ndipo hujifunua. Mgongoni mwa kiboko pakatokea mshipa mwembamba wa rangi ya waridi. Phanice akataka kujua unaelekea wapi. Akasugua kidogo. Mshipa ukaelekea kwenye sikio la kushoto. Akaliomba sikio msamaha, akapita. Ukavuka kichwa hadi sikio la kulia, naye akavuka. Ukashuka mdomoni, akaufuata huko huko, akivuma wimbo wa kanisani ambao maneno yake aliyasahau katikati. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakumuuliza Mungu chochote.

"Mama Lavender, jua hilo linazama!" Mogaka akapaza sauti, akimwita Phanice kwa jina la bintiye. "Weka chini!"

Akaweka chini, akatazama. Kiboko hakuwepo.

Mogaka naye akatazama. Mishipa ya shingo ikamtoka, lakini ukingo wa jua ulikuwa umeshagusa kilima, na kugombana juu ya kazi nako ni kazi. Akaimeza hasira yake nzima nzima. Siku iliyofuata aliketi kanisani kama mtu aliyemeza mfupa. Phanice aliliacha lile jiwe dirishani, akalitazama mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Hakuligusa. Kutazama hakukukatazwa.

Jumapili kulipokucha Mogaka alikuwa bandani tayari.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Sijui bado."

"Masikio yake yako wapi?"

"Kwa beseni."

"Na mdomo?"

"Huko huko."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa macho kuliko siku zote."

"Sikiza vizuri," Mogaka akasema. "Mimi nachonga, wewe unasugua. Abdirahman akikataa mzigo kwa sababu ya hii kitu, hutaketi tena kwa beseni langu. Utaenda kuchuma majani chai. Huko mkono ukiteleza, hakuna mtu anapoteza sikio."

Kabla Phanice hajajibu, pikapu ya Abdirahman ikaingia. Yeye ni mjukuu wa wafanyabiashara waliohamia Kisii zamani, naye huongea Kigusii kama mzaliwa wa Marani. Aliwapanga viboko safu kwa safu.

"Wa arobaini ako wapi?"

Mogaka akaonyesha kwa kidevu, jinsi mtu anavyoonyesha ndugu yake mlevi. Abdirahman akaliokota lile jiwe.

"Mama, mteja wangu akiona kiboko anasema, ah, kiboko! Hii akiiona atasema nini? Si ndege." Kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya mshipa. "Si mtu, ingawa hapa kuna kama bega. Ni mama amebeba mtoto? Hapana. Siwezi kuuza kitu hakina jina."

"Basi nirudishie," Phanice akasema.

"Ngoja kwanza."

Akaendelea kulalamika: barabara mbaya, wageni wachache, wachongaji wa siku hizi. Kila Phanice aliponyoosha mkono, yeye alilisogeza jiwe karibu na kifua, na kidole kiliendelea kutembea. Mogaka alikifuata kidole hicho kwa macho.

"Haya," Abdirahman akasema mwishowe, "naichukua. Itakaa mezani kwangu."

Mogaka akashusha pumzi. "Umesikia, shemeji? Mzigo umetimia! Mungu ni mwema."

"Haijaisha," Phanice akasema.

Aliisikia sauti yake mwenyewe, akashtuka. Kusema jiwe limeisha au halijaisha ni neno la mchongaji.

"Imebaki nini?" Mogaka akauliza.

"Mshipa umeingia hapa chini, haujatoka. Nataka kuona unatokea wapi. Lete, Bwana Abdirahman."

"Mama, nimesema naichukua vile iko."

"Nimesikia. Lete."

"Phanice!" Mogaka akafoka. "Nilikwambia nini asubuhi?"

"Ulisema nitoke kwa beseni." Akainuka, magoti yakilia. "Nimetoka."

Akachukua msasa wake na kopo la maji, akaenda kuketi juu ya gogo. Abdirahman akalitoa jiwe polepole, kama anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Nitakuja Alhamisi," akamwambia Phanice, si Mogaka. "Na wa arobaini nimkute, mwenye masikio."

Pikapu ilipoondoka, Mogaka alichonga kiboko kwa saa nzima, amesimama, kwa kuwa gogo lilikuwa na mtu. Alipomaliza akamsogeza kuelekea kwenye beseni, kama kawaida. Hakuna mkono uliompokea. Akaangalia gogo, Phanice hakuinua kichwa. Akakunja mikono ya shati, akaketi chini, akaingiza vidole majini.

"Ee, maji baridi hivi!"

"Hivyo hivyo, miaka ishirini na miwili."

Akasugua. Akasuuza. Akasugua tena.

"Shemeji, nitajuaje imetosha?"

"Itakwambia."

Mogaka akamweka kiboko sikioni, akasikiliza.

"Hasemi kitu."

"Basi endelea kusugua," Phanice akasema, "lakini angalia masikio."