Mtihani wa Mikono Juu

Marehemu mume wangu aliacha kitambaa cha suti ambacho Mungu hakumjalia kukivaa. Nikampa binti yetu wa mwisho, anayesomea ushonaji, akate gauni lake la mtihani. Siku ya kukata, wazazi tukaalikwa. Nikakaa nyuma, namtaja Mola kimoyomoyo.

Mwalimu wao wanamwita Profesa. Tai shingoni, futi ya kupimia juu ya tai, na maneno kama debe tupu. Ubaoni alitundika kipande chenye mistari miwili ya chaki, kama ile ya kwenye vitambaa vya wanafunzi, imekaribiana kama pacha: wa nje wa kukatia, wa ndani wa kushonea.

"Ukikata wa ndani, nguo imekufa," akasema. "Sasa nawapima upesi. Nikigusa wa kukatia, mkono wa kulia juu. Wa kushonea, wa kushoto. Haya!"

Akagusa wa nje, na yeye mwenyewe, bwana mkubwa, akanyanyua wa kulia. Darasa zima kulia. Akagusa wa ndani, akanyanyua wa kushoto. Wote kushoto.

"Mmeona, wazazi? Hakuna aliyekosea!"

Makofi. Mimi kushona sijui, hata kifungo nashonewa, ila macho ninayo. Kwa mtihani ule hata kasuku angepata cheti.

"Mwalimu," nikasema, "hebu mkono mmoja ushike rula, wa pili utie mfukoni."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Ndiyo maana nakuomba, baba."

Watu wakacheka. Akatia mkono mfukoni, akagusa wa nje kwa rula. Loo! Mikono ikaenda kila upande, mingine ikapanda nusu ikashuka. Binti yangu alinyanyua wa kushoto.

"Woga wa wageni tu huo," Profesa akasema, anajifuta jasho. "Shikeni mikasi. Kateni!"

Wakakata, maskini, kama kondoo waliopigiwa mluzi. Binti yangu akashika mkasi, akautua.

"Mama, sijui upi ni upi."

"Mungu ashukuriwe, mwanangu. Kikunje kitambaa."

Profesa akaniinamia. "Unamfelisha bintiyo."

"Afeli. Mtihani utarudi, baba yake harudi kununua kingine."

Binti yangu akaenda mezani kwa Profesa mbele ya wote, akaomba gazeti kuukuu la kujifunzia kukata.

"Nianzishe upya, Mwalimu. Sikuelewa."

Profesa akampa kwa ncha za vidole, kana kwamba ujinga ulikuwa wa binti yangu.