Barua Kutoka Kajificheni

Ambakisye alikuwa na maradhi mamoja tu, nayo ni kuandika barua. Serikali ilimleta Unguja mwaka wa hamsini na nne kutengeneza taipureta za maofisini, na tangu hapo kila Jumapili, akitoka kanisani, hujifungia katika chumba alichopanga kwa Bi Mashavu, mtaa wa Kajificheni, akamwandikia mkewe Tupokigwe kule Tukuyu kila kitu alichokiona wiki nzima. Na kweli aliona. Aliandika habari za Duni muuza kahawa, agongaye vikombe mpaka meno yakakuwasha. Aliandika juu ya mlango wa kona uliopungukiwa na misumari mitatu ya shaba, na juu ya paka mweupe wa kinyozi anayelala kwenye kiti cha wateja, na wateja wanasimama kumngoja aamke. Akalalamika pia kuwa mji huu hauna siri: ukinunua samaki sokoni Malindi, hujafika nyumbani, watu wanakuuliza utamkaanga au utampika mchuzi.

Barua moja aliiandika kwa moyo zaidi kuliko zote. "Hapa maiti hana mgeni," alisema. "Jeneza likipita, mwanamume yeyote aliyepo njiani hutia bega, akaenda hatua chache, akampisha mwenzake. Hamuulizi aliyekufa ni nani. Mke wangu, siku moja na mimi nitatia bega."

Tupokigwe alijibu kwamba ng'ombe amezaa ndama jike, kwamba paa la jiko linavuja, na kwamba mtoto wao Lusajo ameota jino. Juu ya jeneza hakusema neno, wala juu ya Duni, wala juu ya paka. Miaka miwili ilikwenda hivyo, na Ambakisye akaamini kabisa kuwa mkewe anaziruka habari zake zote na kukimbilia mwisho penye salamu. Jambo hilo lilimuuma, ingawa hakulisema.

Kisha ikaja barua fupi. "Ninakuja na mtoto, meli ya Jumatano. Huko simjui mtu. Nisipokuona bandarini, ninarudi na meli hiyo hiyo." Ambakisye aliisoma mara nne. Miaka miwili alikuwa akimbembeleza aje, na alimjua vizuri: Tupokigwe si mwanamke wa kutisha watu bure.

Jumatano alivaa suti yake moja, akapiga viatu rangi, akatoka saa tatu na robo, na meli ilitazamiwa saa nne. Nani angechelewa hapo? Kutoka Kajificheni mpaka bandarini hata kilema hachukui nusu saa.

Katika kichochoro cha pili alikutana na jeneza.

Lilikuwa limetoka kusaliwa msikitini, linakuja mbio mbio na watu wake, na kichochoro chenyewe ni chembamba. Ambakisye angeweza kujibana ukutani wakapita, lakini mzee mmoja alimtazama, na yeye akakumbuka alichoandika kwa wino wake mwenyewe. Akavua kofia, akaingia chini ya mti wa jeneza.

Kutazama jambo na kulitenda ni mambo mawili. Wenyeji hushika kwa mkono mmoja, wakawa wanarudi nyuma kidogo kidogo huku wengine wakiingia mbele, mpaka wakajikuta wametoka. Ambakisye hilo hakuliona hata siku moja, maana alikuwa akitazama nyuso za watu, hakutazama miguu yao. Yeye alikamata mti kwa mikono miwili, akakaza bega, akangoja mtu amwambie basi. Hakuna aliyemwambia. Walipomwona anatokwa na jasho ndani ya suti, hatoki wala hapumziki, walinong'onezana: "Mwacheni. Labda marehemu alikuwa mtu wake sana." Wakamheshimu kwa kumwachia. Heshima hiyo ilimpeleka hadi makaburini, nje kabisa ya mji.

Maiti aliposhushwa, kijana mwenye macho mekundu alimkumbatia. "Mimi Usi, mwanawe. Ulijuana wapi na baba?"

"Sikumjua, ndugu yangu," Ambakisye alisema. "Nilikuwa nnakwenda kumpokea mke wangu bandarini. Sikujua namna ya kutoka."

Usi alimtazama, akatabasamu na machozi yake. "Baba angecheka mpaka akae chini. Chukua baskeli yangu ile pale. Nenda, bwana!"

Alikanyaga baskeli kama mwizi anayefukuzwa. Bandarini alifika saa sita, abiria wote washashuka, na karani anafunga daftari lake.

"Mwanamke mwenye mtoto mgongoni?" alisema karani. "Alikaa pale juu ya sanduku lake, muda mrefu. Akatoa makaratasi, akasoma, akasoma. Kisha sikumwona tena."

"Karudi melini?"

"Labda. Na geti la meli sasa limefungwa. Njoo saa nane, wanapopanda abiria wa kurudi."

Ambakisye aliigeuza baskeli. Hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka miwili ya kubembeleza ameitupa kwa ajili ya maiti asiyemjua hata jina! Akawa anaisukuma baskeli kurudi mtaani, kumwomba Bi Mashavu afuatane naye hiyo saa nane, pengine mwanamke kwa mwanamke watasikilizana.

Penye kona, Duni muuza kahawa alisimama katikati ya njia, kashika kiuno.

"Ambakisye! Hivi mimi nagonga vikombe mpaka meno yawashe watu?"

Maneno yale Ambakisye hakumwambia mtu yeyote Unguja. Aliyaandika mara moja tu, yakaenda Tukuyu.

Baskeli aliiacha hapo hapo. Alipita mbio mbele ya kinyozi, aliyempigia kelele kwamba mkewe kamwamkia hadi paka, akaupita mlango uliopungukiwa na misumari mitatu, akapanda ngazi za Bi Mashavu mbili mbili.

Tupokigwe alikuwa amekaa mkekani, viatu kavua, mbele yake sahani tupu iliyokuwa na wali wa nazi. Lusajo alilala mapajani mwa Bi Mashavu.

"Shikamoo Bi," Ambakisye alihema.

"Marahaba. Mkeo nshamlisha. Kaja peke yake, moja kwa moja, hakumuuliza mtu njia," alisema Bi Mashavu. "Na wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Alikuwa chini ya jeneza," alijibu Tupokigwe. "Nilipokuwa bandarini nikasikia wapagazi wanasema kuna maziko mjini. Nikajua, mume wangu leo ametia bega. Nikatoa barua zake, nikafuata kona kwa kona."

Ambakisye aliketi chini palepale mlangoni. Machozi yalimtoka, na kicheko kikayafuata, na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo.

"Mama Lusajo, nilidhani huzisomi. Miaka miwili hukunijibu hata neno moja juu ya hayo yote."

Tupokigwe aliitazama ile suti iliyochakaa kwa siku moja, bega la kulia jeupe kwa vumbi.

"Si nimekuja?" alisema.