Iliasi na Neno la Daraja

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Iliasi ulikuwa na kazi yake. Mgombea akisema Kiswahili kwenye redio ya Kasongo, yeye hufasiri kwa Kibangubangu, ili wazee wa vijiji vya Kabambare nao waelewe. Walimwamini kabisa. Na safari hii mmoja wa wagombea alikuwa kaka yake mwenyewe, Kasimu, mbunge aliyetaka kurudi kitini.

"Mudogo yangu," Kasimu alimwambia asubuhi mlangoni mwa redio, "yule Marguerite akigusa mambo ya daraja, wee ruka tu."

"Yaya, kaka yangu, watu watajua."

"Wale wenye kusikia Kibangubangu peke yake? Watajulia wapi?"

Iliasi akaingia studioni. Baba yao alipofariki, Kasimu ndiye aliyemlea. Kumkosea kulimtia hofu kuliko ugonjwa.

Marguerite, mwalimu kutoka Salamabila na mpinzani wa Kasimu, hakuzunguka mbuyu. Alisema mbao za daraja la mto wa kule vijijini zilifika nusu tu, na mbunge alijua, akanyamaza. Zamu ya Iliasi ikafika. Nyuma ya kioo cha studio kaka yake alikuwa amemkazia macho. Kusema kweli, Iliasi alikuwa ameshaandaa maneno mengine matamu, ya kusifu barabara. Lakini aibu ikamshika: angewadanganyaje watu juu ya mto wanaouvuka wenyewe? Akafasiri yote, mpaka lile la kunyamaza.

Simu ya kwanza ya wasikilizaji ikatoka kijijini kwao, sauti ya kizee, Kibangubangu kitupu. Iliasi akashtuka. Alikuwa mama yake! Na sasa ilimbidi awafasirie watu wa mjini.

"Mama anasema: 'Kasimu iko mutoto wangu wa kwanza. Lakini nilianguka mu ule muto na kikapo ya mihogo, maji ikanifika kiunoni. Huyu mwanamuke amesema kweli. Kura yangu ingali mukononi. Kasimu aje ajibu.'"

Mlango ukafunguka. Kasimu akaingia, jasho linamtoka, kiburi chote kimemwisha. Marguerite akamsogezea kiti.

"Mama," Kasimu akaanza kwa lugha ya nyumbani, "mbao zilifika nusu. Nilijua, nikanyamaza kwa haya. Acha nikae na huyu dada, tuseme mbele yenu namna ya kupata zile zingine."

Iliasi akafasiri kwa furaha. Hakuwahi kumpenda kaka yake namna ile.