Kiti cha Nyuma

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, akifumua mshono alioupiga mwenyewe jana yake. Kiti kirefu cha pikipiki kililala mapajani mwake, sponji imetoka nje kama utumbo. Mkewe alikuwa kitandani, amegeukia ukutani, kwa kuwa huo ndio ubavu pekee uliompa nafuu. Bila kugeuka, alimuuliza safari hii kuna kasoro gani. Fundi akajibu kwamba pale katikati bado pagumu.

"Pagumu kwa nani?" mkewe akasema. "Mimi hata sijakikalia."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani. Waliinunua kabla mtoto wao wa kwanza hajaota meno. Miaka yote mama huyu alipanda nyuma, mkono mmoja kiunoni mwa mumewe, mwingine umekumbatia mzigo. Kisha ugonjwa ukaingia kwenye uti wa mgongo. Hospitali walimpa dawa za maumivu, wakamwambia akapumzike nyumbani, na fundi alielewa maana ya huko kupumzika bila kuuliza.

Mkewe alitaka jambo moja tu, kumwona dada yake. Dada mtu alikuwa akiishi mlimani, miguu imevimba haimbebi tena, na njia ya kwenda kwake ilikuwa kijia ambacho gari halipiti. Ilibaki pikipiki.

Basi fundi akaacha kazi za watu na kuanza na bomba la moshi. La zamani lilikuwa limeliwa na kutu, likinguruma na kutikisa chuma chote hadi kwenye nyayo za abiria. Alipata jingine, fupi na nene, lililotolewa kwenye pikipiki ya aina nyingine. Hakuna tundu lililolingana. Akachomelea kishikio kipya, akaziba kiungo kilichokuwa kikivuja, akaweka vipande vya mpira chini ya kila nati. Alipopiga kiki, injini ikanong'ona. Alikaa kuisikiliza, akatabasamu peke yake.

Kiti ndicho kilichomtoa jasho. Alipanua ubao wa chini, akapanga sponji ngumu na laini, akaongeza egemeo na vyuma vya kushikia pande zote mbili. Mshona viti wa jirani alipita, akamuuliza kama anatengeneza pikipiki au sofa, maana ilibaki kuweka televisheni tu. Fundi alicheka kupita kiasi, kisha akainama tena kwenye sindano yake.

Asubuhi ya safari alimbeba mkewe hadi uani. Wepesi wake ulimtia hasira, asijue amkasirikie nani. Akamkalisha, akamfunga na kitambaa kipana kwenye egemeo.

"Umenifanya bibi harusi," mkewe akamwambia.

Walivuka ua taratibu, wakatoka getini. Kwenye tuta dogo la kwanza hakusikia kilio, ila vidole vilikamata shati lake mgongoni na havikuachia. Akasimama. Akashuka, akapunguza upepo kwenye tairi la nyuma. Walisogea tena, wasifike hata kwa jirani wa pili, na alipogeuka akauona uso wa mkewe umelowa, midomo imekauka. Akachukua spana, akachuchumaa kwenye springi za nyuma.

"Baba watoto, acha."

"Ni springi tu hizi. Nikizilegeza kidogo, utaona."

"Pikipiki haina tatizo," mkewe akasema polepole. "Umeitengeneza vizuri. Ni mimi."

Fundi alibaki amechuchumaa, spana mkononi, macho yakizunguka chuma kwa chuma, yakitafuta nati ya kulegeza.

Alimrudisha kitandani, akampa dawa, akakaa naye hadi pumzi zikatulia. Alifikiri amelala. Kisha mkewe akamwambia aende yeye, dada asiendelee kusubiri mlangoni. Fundi akamuuliza amwambie nini dada mtu. Mkewe akageukia ukutani.

"Mwambie nakuja," akasema.

Alipofika chini ya mlima, muuza mboga mmoja alimpungia mkono, ndoo kichwani. Fundi hakuwa na moyo wa kumpita. Mama yule akapanda, akapakata ndoo yake, akauliza kiti cha namna hii kinauzwa wapi, kwani tangu azaliwe hajawahi kukaa hivi kwenye pikipiki. Fundi akatia gia. Akasikia mgongo wa yule mama ukiegemea, taratibu, kisha uzito wote ukitua, na sponji ikibonyea vile vile alivyotaka ibonyee. Hapakupita muda mama akaanza kusinzia.

Fundi akapunguza mwendo, akapanda mlima akikwepa mawe, moja baada ya jingine, hata yale madogo.