Kishikio cha Ngazi ya Bwawa

Dobi wa jengo letu ndiye aliyeleta habari. Alisema kuna bwawa moja la maji ya chumvi, kishikio cha ngazi kilimng'okea mama mmoja mkononi, akaanguka. Bwawa lenyewe liko wapi, hajui. Huyo mama ni nani, hajui. Alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Ningepuuza, lakini neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, halipandi halishuki.

Mimi ni mfanya usafi kwenye jengo la ghorofa sita. Nyuma ya jengo wamejenga bwawa jipya la kuogelea, la maji ya chumvi. Si maji ya bahari. Chumvi inakuja kwa magunia, inamwagwa humo, na kwenye chumba cha pampu kuna mashine inayoigeuza kuwa dawa ya kusafisha maji.

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Mguu wake wa kushoto hauna nguvu tangu alipougua akiwa mdogo. Hospitali walisema aogelee mara tatu kwa wiki. Msimamizi wa jengo alikubali aogelee kwetu, kwa sharti moja: vyuma vyote vya bwawa niving'arishe mimi. Akiona kutu, ruhusa imekwisha.

Vyuma hivyo alivifunga mdogo wangu wa kiume, fundi wa kuchomelea. Binti yangu hutoka majini kwa ngazi moja tu, na hukivuta kishikio kwa uzito wake wote, maana mguu haumsaidii. Sasa hebu nifikirie mimi, na ile habari ya dobi kichwani. Nikampigia mdogo wangu simu.

"Dada, hiyo ni stenlesi. Haishiki kutu."

"Na chumvi je?"

"Chumvi tia kwenye mboga, vyuma niachie mimi."

Sikuridhika. Nikafanya ninachokijua. Nyumbani sufuria zangu nazisugua kwa stilwaya mpaka unajiona meno. Basi kila asubuhi nikasugua ngazi na vishikio kwa stilwaya hiyohiyo. Vikang'aa. Msimamizi akapita akasema, "Mama, hapa mtu ananyoa ndevu bila kioo." Nikafurahi.

Wiki ya tatu vikatokea vidoa vidogo, rangi ya chai. Nikasugua zaidi. Kesho yake vikawa vingi. Nikawa nawahi kazini kabla ya msimamizi, nasugua, navifuta, naye anakuta kunang'aa. Nilikwenda hivyo miezi mitano. Sikumwambia mtu. Mwishowe nikasema moyoni, huyu mdogo wangu ameuziwa chuma feki. Nikamwita.

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi. Binti yangu alikuwa majini.

"Shikamoo mjomba. Mama amekukasirikia."

"Marahaba, Bata. Nimemwona, uso kama amelamba ndimu." Anamwita Bata kwa kuwa nchi kavu anayumba, majini anateleza. Mtoto mwenyewe analipenda jina hilo.

"Tazama chuma chako," nikamwambia. "Umetufungia bati."

Akapiga magoti, akapitisha kidole, akakitazama kidole. "Unasugulia nini hapa?"

Nikamtolea stilwaya kwenye ndoo. Akakaa chini kabisa.

"Dada yangu, hiki ni chuma cha kawaida. Kinakwaruza, kisha kinaacha unga wake kwenye mikwaruzo. Unga huo ndio unaoshika kutu. Kutu hii umeileta wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Hii si sufuria. Kitambaa laini na maji ya bomba, basi."

Nikairudisha stilwaya kwenye ndoo. Mdogo wangu alikuwa anacheka, anamweleza Bata jinsi mama yake alivyopanda kutu kama mchicha, mtoto aliposhika kishikio ili atoke. Akavuta. Kishikio kikaja naye.

Mguu mmoja wa kishikio ulinyanyuka kutoka sakafuni, chuma kikainamia maji, mtoto akaanguka chali. Nilipiga ukelele ambao nadhani ghorofa ya sita waliusikia. Mdogo wangu aliruka na viatu vyake. Alipomfikia, mtoto alikuwa ameshaibuka mwenyewe, anakohoa, ameshika ukingo. Kichwa chake kilikuwa kimeukosa ukingo huo kwa nafasi ya kiganja kimoja.

Fundi hakucheka tena. Alitoka majini, akanyanyua kikombe cha chuma kinachofunika mguu wa kishikio pale chini. Kikombe hicho nilikisugua kila siku, sikuwahi kukinyanyua. Ndani bolti mbili zilikuwa zimeliwa, nyembamba kama njiti za kiberiti. Akafungua kikombe cha mguu wa pili. Huko bolti zilikuwa nzima.

"Mbona hizi zimeliwa na zile hazikuliwa?" nikamuuliza.

Maji yalikuwa yanamchuruzika. "Hizi ni za kawaida, dada. Siku ile za stenlesi zilipungua mbili. Nikachukua kwenye kopo langu, nikasema nitarudi kubadilisha."

"Ukarudi?"

"Nilishafunika kikombe. Nikasahau."

Akaenda mwenyewe kwa msimamizi, na nguo zake mbichi. Nikamfuata, nikasema na langu la miezi mitano. Msimamizi alifunga bwawa wiki mbili. Bolti zote zilibadilishwa mbele ya macho yake, kikombe kwa kikombe. Ruhusa ya mtoto haikuondolewa, ila sharti likawa lingine: kila Jumatatu ninyanyue vikombe vyote nitazame, kisha nimwambie nilichokiona.

Siku ya kurudi majini, mtoto alishika kishikio kisha akanitazama mimi. Nikamwambia avute. Nilikuwa nimekivuta mwenyewe mara kumi.

Dobi sasa anasimulia habari ya mtoto aliyeng'okewa na kishikio. Akiulizwa bwawa liko wapi, anajua. Wewe unayesafisha bwawa la chumvi, au mwenye mtoto anayeogelea humo, epuka haya:

Usisugue stenlesi kwa stilwaya wala brashi ya waya.

Usiache maji ya chumvi yakaukie kwenye chuma. Suuza kwa maji ya bomba, kausha.

Usimwage gunia la chumvi karibu na ngazi.

Usikubali bolti ya kawaida hata moja, hata ya siku moja.

Usiamini kikombe kinachong'aa. Kinyanyue.

Usifute doa la kutu kabla hujamwonyesha mtu.

Usimwache mtoto avute kishikio ambacho hujakivuta wewe.