Ramani ya Mizinga ya Siri

Wapima wa laini ya umeme walitupa muda hadi Ijumaa. Nguzo zitaanzia karibu na stesheni ya Itigi na kuingia porini, na kila mti ulio njiani utaangushwa, isipokuwa tukiwaletea ramani inayoonyesha penye mizinga ya nyuki. Hapo watapinda. Kikundi chetu cha wafugaji nyuki kikanigeukia mimi Severina, katibu, mwenye stesheneri na kompyuta.

Kuchora si kazi. Kazi ni kwamba mrina asali wa huku hamwonyeshi mtu mzinga wake ulipo. Si rafiki, si ndugu, si mke. Binti yetu Luciana sasa ana watoto wake, na mizinga ya baba yake, mume wangu Eliya, sijawahi kujua iko wapi.

Nikaitisha kikao tuchague programu ya kuchorea. Nikawaambia ziko tatu, zote za bure, na zote nimeshazipakua.

"Za bure?" aliuliza Mzee Philipo, mwenyekiti wetu. "Huyo anayezigawa anataka nini kwetu?"

"Hataki kitu, Mzee. Ni watu tu wanatengeneza na kugawa."

"Watu gani hao wasio na kazi?"

"Watakuwa wanataka asali," alisema Sikudhani, ambaye ana mizinga mingi kuliko sisi wote na haamini hata kivuli chake. Kikao kizima kikatikisa kichwa kukubaliana naye.

Nikaanza kuwaonyesha. Draw inachora visanduku na mishale, na Mzee Philipo aliipenda kwa sababu kisanduku kinafanana na mzinga wa kisasa. Inkscape inachora mistari laini. Nikawachorea nyuki mwenye mabawa, wakapiga makofi. QGIS ndiyo ya ramani hasa. Unaipa namba za mahali kutoka kwenye simu, nayo inaweka nukta palepale, juu ya picha iliyopigwa kutoka angani. Makofi sikuyasikia.

"Palepale kabisa?" aliuliza Sikudhani.

"Palepale."

"Basi mimi nachagua ile ya nyuki."

Wakapiga kura. Ile ya nyuki ikashinda kwa kishindo, kwa sifa moja tu: haijui mzinga wa mtu uko wapi.

Nilipandwa na hasira. Niliwauliza kama wapima watahamisha nguzo kumpisha mdudu niliyemchora mimi. Nikawaeleza kwamba ile ya tatu ina matabaka, kila mtu na lake, na naweza kuliwasha na kulizima nitakavyo. Hakuna atakayeona la mwenzake. Wakanung'unika, wakakubali, wakaenda porini na simu zao kuchukua namba.

Walirudi mapema mno, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi. Nilipoingiza namba zote na kuwasha matabaka, mizinga ya Mzee Philipo ilikuwa katikati ya bwawa. Ya Sikudhani ilikuwa juu ya reli. Mwingine alikuwa ameitundika uwanja wa mpira, golini. Kila mmoja alidhani wenzake watasema kweli, kwa hiyo yeye akidanganya kidogo haitaharibu kitu. Ya Eliya peke yake ilikaa mahali pa maana, mbali sana, ndani ya kichaka kinene. Nilijivuna, jamani. Katika waongo wote hawa, Mungu alinichagulia mume mkweli.

Nikalizima tabaka la Eliya, nikawaita na kuwaonyesha uongo wao. Walicheka mpaka machozi yakawatoka, kila mmoja akimcheka mwenzake, hadi walipofikia ya kwao.

"Mzee," nilimwambia mwenyekiti, "wapima watapinda kupisha bwawa. Miti yako wataikata."

Kicheko kikakatika. Kuanzia mchana ule wakaanza kuja mmoja mmoja. Nilitundika pazia nyuma ya mashine ya fotokopi, wakaketi pale na kunong'ona namba za kweli kama watu walio kwenye kitubio. Sikudhani alinizimisha feni kwanza, eti inapeleka maneno nje.

Alhamisi jioni nilikuwa nafunga duka, pazia likafunguka. Alikuwa Eliya, kofia mkononi. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Zako si ninazo?" nilimwuliza.

"Badilisha."

Akanisomea namba. Nukta ikaangukia ng'ambo ya reli, nyuma ya stesheni, mahali ninapoweza kwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva. Mstari wa nguzo ulipita juu yake kabisa. Ndiyo miti ambayo ingekatwa ya kwanza.

Kila msimu wa kurina mtu huyu huniaga kwamba anakwenda mbali. Namchemshia viazi, namfungia blanketi, na usiku namwombea nyoka wasimwone.

"Eliya. Siku mbili nzima unafanya nini hapo?"

"Narina asubuhi," alisema. "Halafu nalala."

"Unalala?"

"Chini ya mti. Mama Luciana, pale hakuna mtu anayeniuliza kitu."

Iliniuma. Iliniuma sana, na nilitaka kumtupia kiti. Miaka yote nilidhani ananificha mizinga, kumbe alikuwa anajificha yeye. Kisha nikamtazama alivyoinama, mtu aliyeokoa miti yake na kujinyang'anya usingizi wake kwa mdomo wake mwenyewe, na kicheko kikanishinda nguvu. Nikaiweka nukta mahali pake.

Ijumaa wapima waliitazama ramani, wakaipokea, na laini ikapinda tangu pale nyuma ya stesheni.

Msimu wa kurina ulipofika, Eliya hakuniaga. Alizunguka uani akiokota hiki na kurudisha kile, hana pa kwenda. Nikamchemshia viazi. Nikamfungia blanketi, nikamwekea mlangoni. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa.

"Nenda huko mbali," nilimwambia, "na usirudi kabla ya keshokutwa."